Kisa cha mbuyu wa Kunduchi: nani alikuwa analia, nani alikuwa anakoroma, na mti "uliokufa" ambao haujafa

Hiki kisa naona bora nikiandike chote kwa mkupuo mmoja, maana kila nikikihadithia nusu watu wanashika kile kipande cha mtoto analia usiku juu ya mti, wanaondoka nacho hicho hicho, kesho yake kimeshakuwa jini la Kunduchi, hapa Dar, na lina kwato. Majina siweki, mtaa siutaji, wenyewe wameniruhusu mradi nisiwaanike. Mi nauza miche, nina kitalu pembeni ya barabara, na Bi Mkubwa wa hiyo nyumba ni mteja wangu wa siku nyingi wa mikungu na mandimu, ndo nilivyoingia kwenye hii ishu.

Hali ilikuwa hivi. Kiwanja cha familia, mzee mwenye nyumba alishatangulia mbele ya haki, amebaki Bi Mkubwa na watoto, nyumba kubwa mbele, banda la vyumba vya kupangisha uani, na katikati ya uwanja kuna mbuyu. Kwa mibuyu ya ukanda wetu huu sio mkubwa wa kutisha, watu wanne watano wakishikana mikono wanauzunguka, ila una tundu upande wa bahari, juu ya kimo cha ngazi, pana la kupitisha ndoo. Kijana wa kwanza wa Bi Mkubwa (tumwite Kaka Mkubwa) anataka kujenga fremu za biashara na kwenye ramani yake mbuyu haupo. Mama yake hataki ukatwe wala uguswe, na hoja yake ilikuwa moja tu, "baba yenu aliukuta, na mimi nimeukuta". Kwa mtu mwenye ramani na fundi keshaongea naye hiyo sio hoja.

Mwezi wa sita mti ukapukutisha majani. Wa saba ukabaki mtupu kabisa, matawi yamekaa juu juu, gome lina rangi ya kijivu ya jivu la mkaa, na Kaka Mkubwa akatangaza kwamba umekufa, tena akasema mbele ya mjumbe ili iwe imesikika. Akaletwa fundi wa msumeno, akaupiga shina kwa ubapa wa panga, ukaitika bwuu, bwuu, akatikisa kichwa akasema huu umeoza ndani mama, siku ukija kulala juu ya banda mtakuja kunitafuta mimi. Bei laki nane, matawi anabeba mwenyewe.

Mpaka hapo ni mgogoro wa kawaida wa kiwanja. Kilichouharibu ni vitu vinne vilivyofuatana ndani ya muda mfupi.

Cha kwanza, mpangaji mpya ana mtoto mchanga, akawa anaamka usiku anasikia mtoto analia nje, akigeuka anamkuta wake amelala fofofo ubavuni. Cha pili, kwenye tangi la maji lile jeupe lililo juu ya mnara zikaonekana alama za viganja, viganja vidogo vya vidole vitano, vichafu, vinapanda kuelekea mfunikoni. Cha tatu, kwenye lile tundu kukaanza kutoka mkoromo, usiku kucha, mtu anavuta pumzi nzito kwa koo, hhhhhrrr, ananyamaza, anaanza tena. Na cha nne, dada wa kazi akifagia asubuhi anakuta chini ya mti vibunda vyeusi vinavyong'aa, ukubwa wa kidole gumba, ukikibonyeza ndani ni manyoya yameviringia mifupa.

Hapo uwanja ukachafuka. Mtoto analia, viganja vya mtoto, kuna mtu analala ndani ya mti, na mifupa imefungwafungwa. Unganisha mwenyewe. Na watu waliunganisha, na kwa vile chumba cha mwisho kwenye banda anakaa mama mmoja mtu mzima, mjane, peke yake, mpole, anaamka alfajiri sana kwenda kuchukua samaki wa biashara yake, macho yakahamia kwake. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Nchi hii tunajua maneno ya namna hiyo huwa yanaishia wapi kwa wamama watu wazima, sina haja ya kueleza, na kwangu mimi hili ndo lilikuwa zito kuliko mti wenyewe. Akaitwa mganga, akafukiza, akamwagia shina maji yake, akalipwa, na ukweli lazima usemwe, wiki kama mbili baadae mkoromo ukakoma. Kwahiyo mganga akawa na ushahidi na fundi wa msumeno akawa na tarehe.

Sasa tuanze kukichambua, na mi naanzia kwenye mti kwa sababu ndo uliokuwa umeshahukumiwa.

Niliamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu uone wanavyotaka kuniulia mti wangu. Nikamuomba Kaka Mkubwa asogee aone kwa macho yake, nikatoa kisu cha kuunganishia miche, nikakwangua gome kidogo sana, upana wa ukucha, kwenye tawi la chini na kwenye shina lenyewe. Lile la juu la kijivu ni jembamba ajabu. Chini yake kuna kijani. Sio kijani cha kubahatisha, kijani kibichi chenye unyevu, ukigusa kidole kinateleza. Mbuyu una klorofili chini ya gome, yaani hata ukiwa hauna jani hata moja shina lenyewe linaendelea kutengeneza chakula kidogo kidogo kwa jua linalopenya. Mti uliokufa hauna hiyo rangi, unakuta kahawia na unga. Nikamwachia kisu akwangue mwenyewe mahali pengine anapotaka, akakwangua mara moja akarudisha.

Kukaa bila majani ndo maisha ya mbuyu. Kwenye sehemu kame sana unaweza kukaa mtupu zaidi ya nusu ya mwaka, huku pwani kwetu unaanza kupukutisha masika yakiisha na unarudi kuvaa kuelekea vuli. Jani ndo mlango ambao maji yanapotelea, kwahiyo kiangazi mbuyu unafunga duka. Na cha kushangaza zaidi ni kwamba hausubiri mvua ndo uchipue, mara nyingi unachipua kabla, kwa maji uliyoyaweka shinani. Kuna utafiti uliofanyika kwa mibuyu ya Madagaska ukachapishwa mwaka 2006, watafiti walikuta yale maji ya shina yanatumika kuchipulia majani mapya kabla ya msimu wa mvua, lakini mti hauyatumii kuendesha yale majani kwa nguvu zote mpaka mvua yenyewe inyeshe. Akiba inagharamia mwanzo tu.

Na hayo maji ndo yanajibu ile bwuu bwuu ya panga. Mbao ya mbuyu sio mbao tunayoijua, ni nyuzi na sponji, zaidi ya nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji, ukiupiga hauwezi kuitika kama mninga hata uwe na afya ya namna gani. Mafundi wa msumeno wazoefu wanajua, mnyororo unajaa nyuzi mbichi, unaziba, na ukishaukata haupati mbao, haupati mkaa, kuni zenyewe za kubembeleza. Mbuyu ukifa kweli kweli hausimami miaka ukikausha matawi, unalainika, unanuka, unajikunja wenyewe na kubaki lundo la nyuzi. Kwahiyo kama unasimama imara mbele yako na una miezi kadhaa hauna majani, uwezekano mkubwa ni mzima.

Tundu nalo lilishtakiwa bure kidogo. Wapo wataalamu, akiwemo Adrian Patrut wa Romania aliyepima umri wa mibuyu mingi kwa radiokaboni, wanaoeleza kwamba mibuyu mingi mikubwa tunayoiona kama shina moja ni mashina kadhaa yaliyoota karibu karibu yakaungana, na nafasi iliyobaki katikati yao inaonekana kama mti umeliwa ndani kumbe haijawahi kuwa na mbao tangu mwanzo, tena ukichungulia unakuta kuta zake zina gome. Mengine yanatokana na tawi kuvunjika zamani. La huyu wetu naona ni la tawi, midomo yake imejikunja kwa gome jipya, na hilo ndo lingine la mbuyu, ukiubandua gome kuzunguka shina lote, kitu ambacho miti mingi inakufa nacho, wenyewe unaota jipya. Kuna sehemu za Afrika watu wanachuna gome la mbuyu kwa kamba na vikapu, wanarudi tena baada ya miaka kuchuna mti ule ule.

Ila nisiwadanganye, mbuyu unaanguka. Mwaka 2018 Patrut na wenzake walichapisha kwamba kati ya mibuyu 13 yenye umri mkubwa kuliko yote waliyoipima, 9 ilikuwa imekufa au imeanguka mashina yake ya zamani tangu 2005, akiwemo mbuyu wa Panke wa Zimbabwe uliofika miaka kama 2,450. Wanashuku mabadiliko ya tabianchi. Kwahiyo hofu ya fundi kuhusu banda haikuwa ya kijinga, alichokosea ni kutumia panga kama kipimo. Unachotakiwa kutafuta ni ulaini chini ya shina, majimaji yenye harufu, mpasuko mpya, kuinama ambako mwaka jana hakukuwepo. Tulizunguka mti mzima, tukabonyeza kwa kidole gumba na mpini wa nyundo mpaka usawa wa ardhi, mgumu kote. Tatizo tulilolikuta ni tawi moja, lile lililolala juu ya bati za banda.

Tuje kwa aliyekuwa analia.

Kama umekulia pwani ulishajua mistari michache iliyopita. Komba. Lakini mpangaji ametokea bara, hajawahi kumsikia, na hata wenyeji wengi wa Dar siku hizi wanamjua komba kwenye msemo wa mlevi kama komba tu, maana jamaa wagema walikuwa wanamkuta asubuhi amekunywa tembo mnazini amezima. Komba mkubwa wa pwani yetu hafiki hata kilo kwa kawaida, ana macho ya kujaa uso na mkia mnene, na sauti yake haiendani kabisa na mwili. Analia kwa mfululizo, anapandisha halafu anashusha, na kwa mama mwenye kichanga ile sauti inaingia moja kwa moja tumboni. Mchana wanalala kikundi sehemu moja, usiku kila mmoja anashika njia yake kutafuta chakula, kwahiyo kuita ndo namna ya kuambiana mi niko hapa, huku ni kwangu. Wataalamu wanavyowatenganisha aina za komba ni kwa milio zaidi kuliko sura, maana sura nyingi zinafanana mno.

Tulifanya kitu rahisi, mpangaji alirekodi kwa simu usiku, na kijana mdogo wa Bi Mkubwa akakaa uani na tochi ya kichwani. Tochi ishike usawa wa macho yako, sio mkononi chini, ndo mng'ao unakurudia. Alivyomulika matawi yakawaka macho mawili mekundu ya chungwa, yakageuka, yakarudi. Komba ana ngozi maalumu nyuma ya jicho inayorudisha mwanga, na jicho lenyewe ni kubwa kiasi kwamba halizunguki vizuri kwenye tundu lake, ndo maana anazungusha kichwa kizima mpaka anaangalia nyuma yake. Picha hiyo kwenye giza, pamoja na kilio, wala simlaumu mtu aliyekimbia.

Na viganja kwenye tangi? Hapa ndo pananifurahisha zaidi kwenye kisa chote. Komba ananawa mikono na miguu kwa mkojo wake. Anakinga kiganja, anakojolea, anasugua na unyayo, upande huu, halafu upande wa pili, anaendelea na safari. Wanasayansi wana maelezo kadhaa, kuweka harufu yake njiani, wengine wanasema kushika matawi vizuri zaidi, inawezekana ni yote. Sasa mnyama huyo akipita kwenye bati lenye vumbi la kiangazi na viganja vibichi halafu akapanda tangi jeupe, unapata chapa safi kabisa, vidole vitano, kidole gumba kimetengana, maana huyu ni wa ukoo wa nyani na ngedere na sisi wenyewe, sio wa paka kama wengi wanavyodhani. Nilinusa ile alama. Ni mkojo. Kaka Mkubwa nikamwambia nusa na wewe, akasema ananiamini.

Kilichompeleka tangini ni maji, kiangazi, mfuniko uliopasuka. Hapo kuna shida ya kweli ya afya na haihusiani na jini, maji yale watu walikuwa wanapikia.

Nyongeza ndogo kwa wapenda mambo haya: mama komba akitoka kula anamwacha mtoto kwenye tawi, akimhamisha anambeba kwa mdomo. Ana meno ya mbele ya chini yaliyolala kama kitana cha kuchania manyoya, na chini ya ulimi ana kiulimi cha pili cha kusafishia hicho kitana. Na hapa hapa jirani na sisi, kwenye vimisitu vya Pande na Pugu, yupo komba mwingine mdogo kabisa wa gramu kama 60 na mkia wa brashi ya kuoshea chupa, komba wa Rondo, ametambuliwa rasmi kisayansi miaka ya 1990 na yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka, anapatikana Tanzania peke yake kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Watu wanapanda ndege kwenda kuangalia vitu ambavyo sio adimu kama huyo.

Mkoromo ulikuwa kesi nyingine kabisa na hapo ndo uchambuzi wa mtaani ulipokosea zaidi, kwa kudhani vitu vinne vina mwenyewe mmoja.

Kidokezo cha kwanza walikitoa kunguru. Bi Mkubwa alilalamika kwamba asubuhi kunguru wanalizunguka lile tundu, wanapiga kelele, wanarukia, wanarudi, mpaka jua likipanda. Kunguru hafanyi hivyo kwa jini. Anafanya hivyo kwa bundi. Ndege wa mchana wakimgundua bundi amelala wanamzomea ili ahame, na kunguru wa Dar kwa zomea hawana mpinzani (halafu wao ndo wageni, wametokea bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, mengine ni historia).

Nikaomba vile vibunda. Dada wa kazi alikuwa ameshaviona vya kutosha, akaniletea vitatu kwenye mfuko, ameushika kwa ncha za vidole. Nikaloweka kimoja kwenye kisosi cha maji ya vuguvugu, nikakifungua kwa vijiti vya meno pale barazani watu wote wamesimama. Manyoya ya kijivu yakatoka mafungu mafungu, halafu fuvu zima, dogo, safi, halina hata uzi wa nyama, limekaa na taya lake, na meno ya mbele mawili marefu yaliyopinda yana rangi ya chungwa. Panya. Yale meno ni ya chungwa kwa sababu yana madini ya chuma kwenye ganda la mbele, ndo yanakuwa magumu kiasi kile. Ndani ya kibunda hicho hicho kulikuwa na fuvu la pili, jembamba, pua ndefu, meno madogo yana ncha, huyo ni kirukanjia. Bundi anameza panya mzima mzima, tumbo linachukua nyama, manyoya na mifupa vinabanwa kuwa donge, anakuja kulitapika pale anapolala. Hakuna mkono wa mtu uliofunga kile kitu. Nilisema kwa sauti, makusudi, ili na majirani waliokuwa ukutani wasikie.

Huyu ni bundi mweupe, yule wa uso wa kopa. Na halii ule mlio wa hu-huu ambao watu wanauogopa kwamba unaita msiba, yeye anapiga ukelele mkali wa kukwaruza, na vifaranga vyake vikiwa na njaa vinakoroma. Ndo mkoromo wetu. Vinaanguliwa kwa kupishana siku, kwahiyo tunduni kuna wakubwa na wadogo, wote wanadai, na wanadai usiku kucha kwa sababu usiku ndo wazazi wanaleta. Bundi mweupe sikio moja limekaa juu kidogo kuliko lingine, sauti ya panya inafika kwa tofauti ndogo sana masikio mawili, na kwa tofauti hiyo anapiga hesabu panya yuko wapi hata kwenye giza totoro, iliwahi kujaribiwa kwenye chumba kisicho na mwanga kabisa na alimkamata. Manyoya ya mabawa yana kingo za nyuzi laini zinazokata kelele, ndo maana hakuna mtu pale uwanjani aliyewahi kumsikia akiruka, walimsikia tu mtoto wake.

Haya, mganga. Mayai ya bundi mweupe yanalaliwa karibu mwezi, vifaranga wanakaa tunduni kama miezi miwili ndo wanaruka. Mpangaji alianza kusikia mkoromo katikati ya mwezi wa saba, mganga kaja mwisho wa wa nane, kimya kimekuja katikati ya wa tisa. Hesabu. Hata angekuja kumwagia juisi ya ukwaju wangeruka siku ile ile. Hili sikulisema kwa kejeli mbele ya Bi Mkubwa kwa sababu ile fedha alitoa yeye, nilimweka Kaka Mkubwa pembeni nikamchorea tarehe kwenye risiti ya duka la saruji, akaitazama muda mrefu.

Yule mama wa chumba cha mwisho, mjumbe alikaa na wapangaji wote akaweka fuvu la panya mezani, naona ilisaidia kuliko maneno yangu. Bi Mkubwa alimfuata mwenyewe chumbani kwake, walichoongea ni cha kwao. Mpangaji mwenye kichanga alihama hata hivyo, na sijui umlaumu vipi, unaweza ukaelezwa komba vizuri kabisa na bado saa nane ya usiku moyo usikuelewe.

Fundi wa msumeno walikubaliana asubiri mpaka vuli ikianza, na kibali cha kukata walikuwa hawana hata wangetaka, hakuna aliyepita serikali ya mtaa kuulizia. Mwishoni mwa mwezi wa kumi vichomozo vikatoka kwenye ncha zote za matawi, wiki chache mti umejaa, majani yamegawanyika vidole vitano mpaka saba. Halafu maua. Hili wengi waliokulia na mbuyu uani hawajawahi kuliona kwa sababu linafanyika wakiwa kwenye taarifa ya habari: tumba linaning'inia kwa kikonyo kirefu, jua likizama linapasuka, petali nyeupe zinajikunja nyuma na ukitulia unaona kabisa zinasogea, katikati kuna kishungi cha nyuzi mamia zenye chavua. Harufu sio ya kusifia. Ni ya kuwaita popo wa matunda, wanaolamba nekta wakatoka na uso umejaa unga na kwenda nao mti mwingine, na kwenye mbuyu chavua ya mti wenyewe kwa wenyewe mara nyingi haifanyi kitu, lazima itoke kwa jirani. Ua lina usiku mmoja. Kesho yake linakuwa la kahawia na kudondoka, na ndo yale "matambara" ambayo dada wa kazi amekuwa akiyafagia kila mwaka.

Na nani mwingine anakula pale? Komba. Mwaka 1965 watafiti wa Afrika Mashariki waliandika kwamba walimkuta komba akichavusha maua ya mbuyu, anaingiza uso, anatoka na unga, anaruka. Yule aliyekuwa shahidi wa kwanza wa mashtaka ni mmoja wa wanaoufanya huo mti uzae.

Kaka Mkubwa alikuja na swali zuri, kwamba mbona wa kwao hauzai sana, jirani anavuna magunia na wao ni vibuyu vya kuhesabu, si ndo mbuyu dume. Maua yote ya mbuyu yana kiume na kike pamoja, hakuna mti dume kwa maana ya papai, ila ni kweli ipo mibuyu inayozaa kidogo maisha yake yote na bado inatoa chavua kwa wengine. Yale magunia ya jirani huenda yana mchango wa huku. Na sio hela ya kuchezea siku hizi, unga wa ubuyu ulipata ruhusa ya kuuzwa Umoja wa Ulaya mwaka 2008 na una vitamini C kuliko chungwa, acha ule mwekundu wenye iliki na pilipili tunaomalizia sisi hapa hapa.

Aliniuliza pia kama anaweza kukata huu akapanda mwingine nyuma. Unaweza, mbegu inabidi uichubue au uiloweke kwenye maji ya moto kwa sababu ganda lake limezoea kupita kwenye tumbo la tembo na nyani, na mche ukitoka majani yake ni ya moja moja, hayana vidole, watu wanaung'oa wakidhani ni gugu. Hata mbuyu ulianza kama mchicha, wanasema, na kitaluni kwangu ndo unavyoonekana kweli. Lakini huyo wa nyuma fremu zako zitakuwa zimeshabomolewa na wajukuu kabla haujatoa ua la kwanza.

Tulipofikia ni hapa. Tawi la juu ya banda limekatwa, kwa msumeno, na fundi yule yule ambaye hakufurahi maana mnyororo uliziba mara mbili. Mfuniko wa tangi umebadilishwa, tangi limeoshwa, chapa zimeisha. Tundu limeachwa, na mwenye wazo la kuliziba kwa saruji nilimwambia aende kuuliza panya wanasemaje. Komba hafugwi, kijana mdogo alishaanza kutega ndizi amlete ndani, wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009 na bila kibali ni kesi, tena mnyama mwenyewe ananawa mkojo, unamweka kwenye kochi la nani.

Fremu zimesogezwa mbele karibu na barabara, zimekuwa pungufu ya alivyotaka, na bado anabishana kuhusu ya mwisho ambayo msingi wake unakuja upande wa mti. Mizizi ya mbuyu haiendi chini sana ila inatambaa pembeni kupita mbali kuliko kivuli chake, kwahiyo nimemwambia kabla ya kumwaga zege achimbe mtaro mmoja wa majaribio kwa jembe, sio kwa mashine, kimo cha magoti, akikutana na mzizi mnene kuliko mkono asiukate, asogeze nguzo. Fundi wake wa ujenzi amesema mtaro ni siku ya ziada na anataka alipwe.